Barua ya wazi kwa wenye duka la wanyama na ofisi ya mifugo: yule mbwa mlimuuza kwa nani?

Kwako bosi mwenye duka, kwako meneja unayekaa kaunta Jumamosi, na kwenu maafisa mifugo wa manispaa yetu hapa Dar. Salaam. Jina la duka sitalitaja, wenyewe mnajijua, na wateja wenu wakifika kwenye habari ya matanki ya samaki watajua pia. Nimepiga simu mara nne. Nimeacha namba yangu kwenye kile kidaftari chenu chenye picha ya paka kwenye jalada. Nimeambiwa bosi kasafiri, afu bosi yuko kwenye kikao, afu bosi atakupigia dada. Bosi hajapiga, kwaiyo naandika hapa.

Swali langu ni moja na nitalirudia mpaka mnichoke. Yule mbwa mdogo wa kahawia aliyemng'ata mwanangu dukani kwenu Jumamosi, siku tisa zilizopita, mkamuuza Jumatatu iliyofuata asubuhi, mlimuuza kwa nani?

Niseme kwanza mi ni nani, msije mkadhani nimetumwa kuwaharibia biashara. Mi ni mteja wenu mwaka wa pili huu. Nina paka anaitwa Chausiku, tulimuokota juu ya paa kipindi cha mvua akiwa saizi ya kiatu cha mtoto, na tangu hapo mchanga wake, chakula chake cha punje, ile fimbo yenye unyoya anayoikimbiza usiku wa manane, vyote natoa kwenu. Kutoka kwangu mpaka duka lingine kama lenu ni bajaji mbili. Na mwanangu yuko darasa la kwanza, kwake kuja dukani kwenu ilikuwa kama kupelekwa bichi, anasimama mbele ya samaki mpaka nimvute mkono. Yani palikuwa petu.

Sasa duka lenyewe. Ni fremu mbili zilizotobolewa zikawa moja, hilo sio kosa, watu wanaanzia mbali zaidi ya hapo. Lakini njia ya katikati mmepanga mifuko ya chakula cha mbwa ya kilo ishirini kushoto na kulia mpaka karibu na dari, watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu kama kaa. Siku moja nikaona mfuko wa juu kabisa umeinama, nikamwambia kijana wenu, akanijibu "dada huo hauanguki, una wiki nzima hapo." Chini ni tailizi zile za kung'aa, na kila mkibadilisha maji ya samaki yanamwagika, mtu anapitisha mopu ambayo nayo imelowa, basi inakuwa ni kuyasambaza tu. Nimeshuhudia mzee mmoja akienda chini chali na mkongojo wake, akaangusha na mfuko wa mbegu za ndege ukapasuka, watu wakacheka kwanza ndo wakamuinua. Na mimi nilicheka kidogo, nisiwe muongo. Hakuna aliyeandika popote kwamba mzee kaanguka. Alijipangusa, akasema hajaumia, akalipa na zile mbegu zilizomwagika.

Kilichokuwa kinanitisha zaidi ni umeme, kumbe nilikuwa naangalia upande ambao sio. Matanki saba yamepangwa ukutani, moja juu ya jingine, kila moja na pampu yake na taa yake, mengine na hita, na nyaya zote zinashuka kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni, na juu yake kuna tanki linalovuja kona. Maji yakishashika waya yanaufuata waya mpaka mwisho, na mwisho wa waya ni soketi. Hata mtu anayefuga samaki wawili sebuleni anaambiwa waya aulegeze ushuke chini kuliko soketi kabla haujapanda tena, ili tone likifika kwenye ule mkunjo lidondoke palepale. Hiyo haihitaji hata mia. Soketi zipande ukutani, na fundi awafungie ile swichi inayokata yenyewe umeme ukianza kuvuja, mafundi wanaiita ELCB, maana breka ya kawaida inalinda nyaya zisiungue, haimlindi mtu aliyeshika tanki huku kasimama kwenye maji. Na watoto wanashika matanki. Wote. Mikono miwili na pua juu.

Kule kwenye ndege kijana anafagia mavi makavu na ufagio wa chelewa huku feni inazunguka kwa spidi ya mwisho, vumbi lote linatujia sisi tuliopanga foleni. Kasuku na jamaa zake wana ugonjwa wao, bakteria wake wanakaa kwenye mavi na manyoya yaliyokauka, mtu akivuta lile vumbi anaweza kupata homa kali mpaka nimonia. Unatibika kwa antibayotiki, shida ni kwamba ukifika hospitali na kikohozi hakuna anayekuuliza kama wiki iliyopita ulisimama karibu na kasuku. Na kuzuia kwake ni kunyunyiza maji kabla ya kufagia, na feni kuzima dakika tano. Lile beseni la vikobe nalo, liko chini, usawa wa mtoto wa miaka mitatu, kila mtoto anaingiza mkono afu huo mkono unaenda mdomoni, na kobe hata akiwa mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Marekani tangu 1975 ni marufuku kuuza kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4, kwa sababu ya watoto haohao. Sisemi tuige kila kitu cha Marekani, nasema pale kwenu hakuna hata sehemu ya kunawa mikono. Hilo la maji mlishike, nitalirudia.

Mlango wa nyuma una kufuli na mbele yake kuna magunia ya maranda. Moto ukitokea kwenye ile ekstensheni sote tunatoka kwa mlango mmoja, kupitia njia ya kaa. Funguo anayo nani? Nilishauliza, nikaambiwa anayo bosi.

Na dawa. Dawa ya kupe ya kuogeshea mnaipimia watu kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, kizibo chake kilekile, hakuna lebo, mmeandika tu KUPE kwa maka peni ambayo ikishikwa na mkono wenye jasho inafutika. Ile dawa ukiichanganya na maji inakuwa nyeupe kama maziwa. Hebu fikirieni hiyo chupa ikifika nyumbani kwa mtu, ikawekwa chini ya sinki, na mtoto ametoka kucheza mpira ana kiu. Tena mwaka jana kijana wenu alitaka kuniuzia dawa ya viroboto ya mbwa nimpake Chausiku, "weka kidogo tu dada, paka ni mdogo." Nikasoma kwenye boksi, permethrini. Hiyo mbwa anaivumilia, paka ini lake haliwezi kuivunja, anaanza kutetemeka mpaka anakufa, na kwenye boksi kulikuwa na picha ya paka imepigwa mkasi mwekundu. Picha! Hata kusoma haihitaji.

Haya yote niliyaona na nikawa narudi kila mwezi. Hapo najilaumu mwenyewe, sina wa kumsingizia. Bei yenu ilikuwa nzuri, vijana wachangamfu, unasema wiki ijayo nitamwambia meneja, wiki ijayo unasahau.

Basi Jumamosi ile tulifika saa tano asubuhi. Mbwa mlikuwa mmemfunga kwenye mguu wa kaunta, kwa kamba ndefu inayofika mpaka kwenye njia. Wa kahawia, kifua cheupe, miezi minne au mitano, sikio la kushoto limekatika ncha, kola ya bluu. Amelala, watu wanamruka. Nikamuuliza kijana mbona huyu yuko chini, akasema keji zimejaa, kaletwa jana jioni na mtu, mpole sana huyo hana noma. Mi nikageuka kuhesabu hela. Mwanangu akachuchumaa akanyoosha mkono juu ya kichwa cha mbwa vile watoto wanavyofanya, mbwa akashtuka kutoka usingizini, akamng'ata kiganjani chini ya kidole gumba. Meno mawili yaliingia. Damu.

Mbwa simlaumu. Ametolewa kwao jana, amefungwa kamba, watu wanamruka siku nzima, kaamka anaona mkono unashuka kichwani, hana pa kukimbilia, kimebaki kinywa. Nawalaumu nyie mliomfunga pale, na mimi niliyekuwa nahesabu hela.

Neno la kwanza kutoka kaunta lilikuwa "hajauma huyo, kacheza tu." Damu inadondoka kwenye tailizi zenu, kacheza tu! La pili, mtu akaja na spiriti na kipande cha pamba. Wateja nao wakaanza, mmoja anasema weka kahawa, mwingine anasema chumvi. Bahati kuna kitu kimoja nilikuwa nakijua kutoka semina moja ya shuleni kwa mwanangu: jeraha la mbwa unaliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kwa saa. Sio kufuta na pamba. Virusi vya kichaa cha mbwa vina ganda la mafuta kwa nje, sabuni inaliharibu, na maji yanaviondoa kabla havijapata njia ya kuingia kwenye neva. Nikasema nionyesheni bomba. Bomba la chooni halitoi maji. Kuna ndoo moja, ndani yake mmeloweka nyavu za kuvulia samaki.

Hapa niwape haki yenu. Yule binti wa kwenye rafu ya paka, jina silijui, alikimbia duka la jirani akarudi na kipande cha sabuni ya mche na dumu la maji, kwa hela yake nadhani. Tukatoka nje mpaka kwenye mtaro, yeye anamimina polepole, mi nasugua, saa ya simu inahesabu, mtoto analia mpaka wapita njia wanadhani tunampiga. Dakika kumi na tano za hivyo ni nyingi jamani, jaribuni siku moja hata bila kidonda. Bosi, huyo binti kama bado hajapewa hata asante, anza na hiyo.

Nikarudi ndani nikaomba kadi ya chanjo ya mbwa. Droo ikafunguliwa, zikatoka kadi tatu, zote za mbwa wengine. Moja mlitaka kunipa hivyohivyo, imeandikwa mbwa jike mweusi.

Zahanati ya kwanza walisema chanjo imeisha. Hospitali ya pili ipo ila ulipie kwanza na foleni ndo ile, saa kumi jioni ndo tunaingia kwa nesi, mama mtu mzima, sauti ya chini, kaona mengi unamjua tu. Akaniuliza mbwa ni wa nani. Nikasema wa dukani. Kachanjwa? Haijulikani. Yupo, anaonekana, mnaweza kumfikia? Nikasema yupo, nimemuacha pale kafungwa. Akapumua. Akasema basi mwanangu hilo la mwisho ndo la muhimu, nenda uwaambie wamtenge, wasimuuze na wasimuue, wamuangalie siku kumi.

Akanieleza, na nataka na nyie mlielewe kwa sababu kila kitu kwenye barua hii kinaning'inia hapo. Mbwa anaambukiza pale virusi vinapokuwa vimeshafika kwenye mate, na vikishafika kwenye mate mbwa mwenyewe anakuwa amebakiza siku chache, ataugua waziwazi na atakufa. Kwaiyo mbwa aliyeng'ata leo, siku ya kumi akawa anakula, anacheza, mkia unatikisika, maana yake siku aliyong'ata hakuwa na virusi kwenye mate. Mtoto anaanza sindano siku hiyohiyo bila kungoja, ila mbwa akivuka siku kumi salama daktari anaweza kuzisimamisha zilizobaki. Siku kumi za kumuangalia mbwa mmoja kwenye keji moja. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho duniani, ni macho tu.

Mbwa akipotea, unabaki unakisia. Na huu sio ugonjwa wa kukisia. Kwa binadamu mara nyingi unakaa miezi miwili mitatu kimya, wakati mwingine wiki tu, wakati mwingine mpaka mwaka, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Makadirio ya dunia ni watu 59,000 kila mwaka, wengi ni huku Afrika na Asia, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na kama asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Watoto kwa sababu wao ndo wanaochuchumaa.

Jumapili nikapiga simu dukani. Akapokea kijana, nikamwambia neno kwa neno alivyosema nesi, mtengeni, msimuuze, siku kumi. Akasema "sawa dada, nimekupata." Jumatatu nikatoka kazini moja kwa moja mpaka kwenu. Pale kwenye mguu wa kaunta kamba ipo, mbwa hayupo. "Yule? Kaondoka asubuhi dada, kapata mtu." Nani? Hatujui jina, kalipa keshi, kaja na ki-IST cheupe, kile kigari cha Toyota. Risiti? Hakutaka. Namba ya simu? Hapana. Ila usijali, mtu mwenyewe anaonekana ana uwezo, mbwa kapata nyumba nzuri.

Nilikaa kwenye mfuko wa chakula cha mbwa, magoti hayakuwa yangu.

Sijui kama mlimuuza kwa makusudi ili kesi iishe, au yule kijana wa simu hakumwambia mwenzake wa asubuhi. Nadhani ni hiyo ya pili, na ndo inanikera zaidi. Mtu mwenye nia mbaya unaweza kumfukuza, lakini duka ambalo habari ya mtoto kung'atwa haina pa kuandikwa, litafanya hivyohivyo tena mwezi ujao na wafanyakazi wapya. Daftari la mauzo mnalo. Daftari la madeni mnalo, mpaka deni langu la elfu nne la mchanga mlilikumbuka! Daftari la kusema mbwa huyu kaletwa na nani lini, kachanjwa lini, kamuuma nani, kaenda kwa nani, hilo hakuna.

Na mwenye ki-IST hajui. Huyo ndo ananikosesha usingizi kuliko hata mwanangu, maana mwanangu anachomwa sindano. Yule kanunua mbwa Jumatatu akijua kanunua mbwa mpole, pengine ana watoto nyumbani, pengine kamng'ata na wa kwake wakasema kacheza tu. Uwezekano mkubwa ni kwamba mbwa ni mzima kabisa na tutakuja kucheka, najua, nesi mwenyewe aliniambia. Ila huwezi kumuachia mtu mwingine akubebee uwezekano ambao hujamwambia.

Mnaweza kusema tunakuza mambo, mbwa mmoja tu. Waulizeni wa Pemba. Kule walichanja mbwa kisiwa kizima mwaka hadi mwaka mpaka kichaa cha mbwa kikaisha, ilikuwa Mei 2014. Kampeni ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili, na ikabidi warudi kuchanja upya kisiwa kizima, ndo Oktoba 2018 wakauzima. Kisiwa kimezungukwa na bahari, bado uliingia. Sisi huku mbwa anatoka mkoani kwenye buti la gari, analala kwenu usiku mmoja, kesho yuko kwa mtu mwingine upande mwingine wa jiji, na hakuna karatasi hata moja inayomfuata.

Sasa niseme ninachotaka, na nianze na nyie wa dukani. Mnyama asifungwe kwenye njia ya wateja, kama keji zimejaa msipokee mwingine. Mbwa bila kadi yake mwenyewe asiuzwe. Akimuuma mtu, hata mkwaruzo tu, anatengwa siku kumi palepale, daktari wa mifugo anaitwa siku hiyo na sio "anakuja Jumatano," na aliyeumwa anapewa namba ya kupiga kila siku kuuliza. Kila mnunuzi aandikwe jina na simu, akikataa basi asiuziwe, laini ya simu tunasajili kwa alama za vidole itakuwa mbwa? Bomba liwe na maji na sabuni ikae hapo. Mifuko ishuke, kufuli litoke mlango wa nyuma, umeme uitiwe fundi, chupa za KUPE mzimwage vizuri na msipime tena. Hivi vya mwisho nimevisema haraka lakini sio kwamba ni vidogo.

Na nyie wa manispaa, msikae pembeni mkasema hii ni kesi ya mteja na muuzaji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya 2003 haikuandikwa kwa ajili ya wafanyakazi peke yao, inamtaja pia mtu ambaye sio mfanyakazi lakini anaweza kuumizwa na shughuli za pale, maana yake mimi, mwanangu, na yule mzee wa mkongojo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na lengo linalotajwa ni kumaliza vifo vya watu ifikapo 2030. Sawa. Mi naomba kitu kidogo kuliko lengo: mtu wenu mmoja aingie kwenye hilo duka siku ya kazi, bila kupiga simu kwanza, aulize kadi za kila mbwa aliyepo na afananishe kadi na mbwa. Afu apite na kwenye maduka mengine, na kwa wale wanaouza watoto wa mbwa barabarani jioni kwenye foleni, maana nao wanafunga kola ya bluu na kusema mpole.

Nilienda ofisini kwenu Jumatano kutoa taarifa. Nilipokelewa vizuri kusema kweli, nikapewa kiti, nikaambiwa niandike barua. Ndo hii.

Sihitaji fidia. Watu wameniambia nenda kwa mwanasheria, wengine wamesema weka jina la duka watu wawamalize. Sitaki, nataka mbwa. Mnazo kamera mbili pale juu ya kaunta, nimeziona, moja inaangalia mlangoni na kwa nje inaonekana barabara. Namba ya gari inaweza kuwa imo humo. Niliwaambia hivyo Jumatatu ileile nikajibiwa mtu wa kamera hayupo.

Leo ni Jumatatu nyingine, ni siku ya tisa. Mwanangu ameshachomwa siku ileile ya kwanza, ya tatu na ya saba, ya siku ya 14 itakuwa Jumamosi hii, afu kuna ya 28. Mkono unapona. Anaogopa sindano ila haogopi mbwa, ananiuliza kila jioni yule mbwa yuko wapi na mi namwambia yuko kwa watu.

Na wewe mwenye ki-IST cheupe, kama barua hii imekufikia, sijakukasirikia hata kidogo na mbwa sitamchukua. Wa kahawia, kifua cheupe, sikio la kushoto limekatika ncha. Kama amemuuma mtu hapo kwako muoshe kidonda muende hospitali leo hii. Kama hajamuuma mtu, namba yangu iko kwenye kile kidaftari cha picha ya paka pale kaunta, waambie wakupe. Nipigie hata usiku uniambie tu kama anakula.